Mwimbaji wa Katuni Aliyeambiwa Amekufa Akiwa Amebeba Taulo

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji ya uani bado haijakanyagwa na gurudumu, Fumie Kuramochi anavuta mlango wa mashine ya kukaushia nguo na joto linampiga usoni. Anatoa shuka, analikung'uta, analikunja, na huku anaimba.

Hiki ni chumba cha kufulia cha makao ya wazee huko Plymouth, kando ya Minneapolis, Marekani. Fumie ni mama mfupi wa miaka arobaini na sita, mabega membamba, raba zimeliwa kisigino. Sauti haifanani na mwili. Inatoka kama ya mtu aliyesimama juu ya paa akimwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

Kemunto anasukuma kigari cha nguo chafu mpaka mlangoni na kusimama, mkono mmoja juu ya tumbo lake la miezi saba. Amezoea kusimama hapo. Kwa muda mrefu alijua hata ni wapi wimbo ungekatika.

"Nilikuwa naudhika," anasema Kemunto, mhudumu wa wazee aliyetoka Nyamira, Kenya, kuja kusomea uuguzi. "Kwetu kanisani wimbo hauachwi njiani. Mwimbaji akichoka, kina mama wanaupokea. Huyu alikuwa anaukata kila siku pale pale, kama redio iliyokatiwa umeme. Nikafikiri hajui sehemu iliyobaki."

Hakujua kwamba wimbo ule uliwahi kuwaamsha watoto wa Japani kila Jumapili asubuhi. Wala hakujua kwamba mwenye sauti hiyo, kwa mujibu wa wanaojiita wajuzi wa katuni, alikuwa marehemu.

Mambo yalifumuka Februari mwaka huu wa 1997, sebuleni, baada ya chakula cha mchana.

Allan, kijana mwenye nywele ndefu za kufungwa kisogoni, ndiye anayewachezesha wazee bingo na kuwasomea magazeti. Siku hiyo wengi walikuwa wamesinzia, naye akatia kwenye video kanda aliyonakili kwa wenzake wa chuo. Ilikuwa katuni ya zamani ya Kijapani iitwayo Mchunga Mawingu, habari za msichana anayepeleka mawingu malishoni akiwa na mbwa wa chuma.

Fumie aliingia amebeba taulo. Kemunto alikuwa akimlisha uji bibi mmoja karibu na dirisha. Muziki ulipoanza, Fumie hakugeuka hata kutazama. Alipanga taulo kabatini, mdomo ukienda, kama mtu anayeitikia sala aliyoikariri utotoni.

"Kijiko kilibaki hewani," anakumbuka Kemunto. "Sauti iko kwenye televisheni, na sauti hiyo hiyo iko kabatini. Hazikupishana hata pumzi. Nywele zilinisimama."

Allan alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha kabisa. Wimbo ukaendelea. Bibi wa dirishani akauliza kama uji ndio umekwisha.

Kijana huyo hakutoa hongera. Alikuwa mweupe kuliko taulo zenyewe. "Lakini wewe ulikufa," alimwambia.

Fumie alidhani hajasikia vizuri. Allan akaeleza kwa kigugumizi kwamba kila mpenzi wa katuni za Kijapani analijua hilo. Mwimbaji wa kwanza wa Mchunga Mawingu, Chinatsu Orimo, alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1983. Anayeimba kwa jina hilo sasa ni wa pili.

Fumie aliketi kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu, taulo moja bado mkononi. "Nani aliniua?" aliuliza.

Alizaliwa Niigata, binti wa fundi viatu. Alikwenda Tokyo akiwa na miaka kumi na tisa, na kampuni ya muziki ikamtolea sahani tatu za santuri zenye nyimbo za mapenzi. Zote zikaozea dukani. Bosi mmoja akamwambia sauti ni nzuri ila sura haiuzi, ajaribu katuni.

Wenzake walimcheka. Mwimbaji aliyepelekwa kwenye katuni alionekana kama mpishi wa hoteli aliyetumwa kuwakaangia watoto viazi. Picha yake haikutolewa mahali popote, maana watoto walitakiwa kuamini kwamba anayeimba ni yule msichana wa kuchorwa. Kampuni ndiyo iliyombuni Chinatsu Orimo, jina na tarehe ya kuzaliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja. Wimbo wa kufungulia katuni ulitakiwa kuwa wa dakika moja na nusu. Msimamizi alisimama nyuma ya kioo akiwa na saa ya kupimia wakimbiaji, na Fumie aliimba macho yakiwa kwenye mkono wa yule bwana.

"Ukizidi, wanakukata. Ukipungua, picha zinabaki bila wimbo," anasema. "Mwisho saa ikahamia ndani yangu. Mpaka leo nikifika hapo koo linajifunga lenyewe."

Aliimbia katuni kumi na moja. Kwa kila wimbo alilipwa mara moja, pesa ya kutosha kodi ya nyumba ya miezi miwili, na hakuna kilichofuata hata wimbo uchezwe mwaka mzima. Mwaka 1982 aliolewa na Rodney, Mmarekani aliyekuwa fundi wa mitambo ya kuchapia, wakahamia Apple Valley, si mbali na Minneapolis. Kampuni ilimuaga kwa maua. Rodney alifariki miaka minne iliyopita, na mshahara wa chumba cha kufulia, dola saba kwa saa, ndio unaomweka mjini.

Alichokuwa hajui Fumie ni kwamba alipopanda ndege, jina halikupanda naye. Allan aliuliza hapa na pale, na jamaa mmoja wa Tokyo aliyewahi kufanya kazi studio ndiye aliyemfumbulia fumbo. Kabla mwaka haujaisha, Chinatsu Orimo alikuwa msichana mwingine. Watazamaji walipouliza mbona sauti imebadilika, mtu fulani alisema yule wa kwanza amekufa. Nani alianza kusema, hakuna anayejua. Kampuni haikukanusha.

"Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba nimeolewa Minnesota," anasema Fumie. Anacheka, lakini mikono imeacha kukunja.

Habari hiyo ilimkamata Kemunto vibaya kuliko hata Fumie mwenyewe.  Katika chumba cha mapumziko alimweleza Wambui, mwenzake wa zamu, kwamba kwao, kwa Wakisii, jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kuzikwa. Kumpa mwingine jina la mtu anayetembea ni kumchimbia kaburi mchana.

Wambui, mwenyeji wa Nyeri, hakuliona kosa. "Wewe nawe," alisema huku akipasha chakula chake. "Cucu yangu mzaa baba yuko hai, na wajukuu saba tunaitwa Wambui. Nikim-call anacheka tu. Hajakufa hata mara moja."

"Na hao saba," Kemunto akamuuliza, "walimnyang'anya na sauti?"

Wambui alikifunika chakula chake. Baadaye alisema chakula kilimshinda siku hiyo.

Aprili, wapenzi wa katuni walikuwa na mkutano wao katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Allan aliwaambia waandaaji kwamba Chinatsu Orimo wa kwanza yuko hai na anafua mashuka Plymouth. Nusu yao walimcheka. Waliobaki walikubali Fumie asimame jukwaani aimbe wimbo mmoja, kwa sharti kwamba asitumie jina lile, kwa sababu jina ni mali ya kampuni.

Fumie alikataa. Maisha yake yote hakuwahi kuimbia watu. Aliimbia kipaza sauti na saa. Sasa angesimama mbele ya ukumbi kwa jina ambalo hakuna aliyelisikia, adai sauti ya marehemu.

Kemunto anakumbuka alivyomkuta ameegemea mashine, macho chini. "Aliniambia, wakinizomea, ndipo nitakuwa nimekufa kweli."

Kemunto aliegesha kigari chake. Alimwambia, "Mama, nitakaa mbele kabisa. Ukikwama, ninakuja."

Fumie aliichukua kama faraja tu, maneno ya kumtoa mtu woga, akakubali kwenda. Hakujua kwamba katika kanisa la Wakenya kule Phillips, mtaa wa Minneapolis, hiyo ni ahadi ya miguu.

Siku ilipofika, Naftali, mume wa Kemunto, ndiye aliyewaendesha, Wambui akiwa nao. Mlangoni walikutana na vijana wenye panga za mbao, mikia ya mbweha, nywele za buluu. Naftali aliuliza kwa sauti ya chini hiki ni kikundi cha dini gani. Hakulivua koti mpaka mwisho. Katika safu ya mbele aliketi msichana aliyejifunga wingu la pamba kichwani.

Allan alimtambulisha kwa jina lake mwenyewe, Fumie Kuramochi. Hakuna aliyepiga makofi. Sauti moja kutoka nyuma iliuliza huyo ni nani.

Muziki ukaanza, na Fumie akaimba mstari wa kwanza.

"Niliziona nyuso zikigeuka," anasema Kemunto. "Kama wanaona mtu anatoka kaburini na sanda yake. Kijana mmoja alivua kofia. Wale waliokuwa wakila waliacha kutafuna."

Sauti haikuwa imezeeka. Ilipanda, ikageuka, ikapanda tena, na ilipofika dakika moja na nusu ikakatika. Fumie akainamisha kichwa kushukuru.

Lakini muziki haukukoma. Allan, kwa mapenzi yake, alikuwa ameweka ala za wimbo mzima kama ulivyo kwenye sahani, wenye ubeti wa pili ambao haukuwahi kupita televisheni. Fumie aliuimba mara moja tu maishani, studio, miaka kumi na tisa iliyopita. Hakukumbuka hata neno moja.

Ukumbi ukaupokea. Vijana wa Kimarekani, mamia yao, waliuimba ubeti wa pili kwa Kijapani, neno kwa neno, bila kukwama. Fumie aliinua kichwa akabaki mdomo wazi.

"Nilishtuka kuliko siku niliyoambiwa nimekufa," anasema. "Wimbo wangu ulikuwa unanipita. Walikuwa nao miaka yote hiyo, na mimi sikuwa nao."

Hapo ndipo Kemunto aliposimama. Alipanda jukwaani kwa mwendo ule ule anaopandia madhabahuni mwimbaji akizidiwa, akapiga kigelegele kirefu.

Ukumbi mzima ukaacha kuimba. Mlinzi alitoka ukutani. Wambui alijifunika uso kwa mkoba. Kwa Wakenya ilikuwa msaada. Kwa wengine wote mwanamke asiyejulikana alikuwa amevamia jukwaa akipiga ukelele.

"Nikasema moyoni, haya, nimeharibu," anasema Kemunto. "Lakini nilikuwa nimeshafika. Ungerudi vipi?"

Alimshika Fumie mkono, akamgeuza kumwelekea msichana wa wingu la pamba. Msichana akaelewa. Akauanza upya ubeti wa pili, polepole, akifungua mdomo kama anayemfundisha mtoto. Fumie aliitazama midomo ile na kuifuata, nyuma kidogo, mstari baada ya mstari. Safu ya mbele ikaingia, kisha ya pili. Kufika kiitikio cha mwisho, Fumie hakuwa akimtazama mtu tena.

Msichana huyo alimfuata baadaye na sahani ya zamani, akataka saini, akauliza aandikiwe jina gani. Fumie aliandika la kwake, lile la Niigata, chini kabisa ya jina lililochapishwa.

Mkutano huo haukumtoa chumba cha kufulia. Kampuni ya Tokyo haijasema lolote, na yule Chinatsu wa pili bado anaimba. Lakini Machi ijayo Fumie ataingia studio ndogo ya rafiki zake Allan, kusini mwa Minneapolis, kurekodi wimbo alioutunga mwenyewe hapa kati ya mashine. Amewaomba kitu kimoja, saa ya ukutani itolewe.

"Nilikufa mara moja bila kuambiwa," anasema. "Ya pili nataka niwepo. Kabla ya hapo nataka sauti hii ijulikane ilikuwa ya nani."

Wambui anaingia na kigari chake, anatazama tumbo la Kemunto. Anasema akizaliwa msichana jina si liko hapa hapa, aitwe Fumie, kwani kuna shida gani.

Fumie anainua macho kutoka kwenye shuka. Ni wazi angependa.

"Hapana," anasema Kemunto. "Hilo lina mwenyewe, na bado ana kazi nalo."

Fumie analikung'uta shuka. Kisha analikunja shuka pembe kwa pembe, na wimbo anauanzia pale alipouachia. Unafika mahali ulipozoea kukatika. Kemunto, kwa mazoea, anaushika mpini wa kigari aondoke.

Wimbo unaendelea.