Mlango wa Buluu Kwenye Ramani ya Darasa

"Shoga, umelala wewe? Mwalimu wa mwanao ameuza nyumba zetu!" msusi wa jirani alimpazia sauti mama wa nyumba ya pili aliyesimama mlangoni, mkono umezama kwenye nywele za mteja.

"Kamuuzia nani?"

"Simu! Zote zimo humo. Hata mlango wako wa buluu umo, umeandikwa kabisa juu ya paa lako: mlango wa buluu, hapa ndipo kwetu."

Mteja alicheka mpaka msusi akamgonga kitana atulie. Mama yule hakucheka. Mtaa mzima haukujua kwamba alihamia pale kwa kujificha. Mume aliyemvunja mkono alikuwa bado anamsaka, na juzi tu alimpigia simu dada wa mama huyo, anauliza kwa upole wanakaa wapi. Mama alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akatoka mbio, mlango kausahau wazi.

Mwalimu mwenyewe watoto walimwita Dira. Mtu mwembamba, mifuko imejaa chaki, anayeweza kusahau kula akianza habari za mito. Kwa miaka aliichora mito hiyo ubaoni, na watoto wakasinzia. Alipoazima kompyuta na projekta, usingizi uliwaruka. Aliwaonyesha mtaa wao ulivyo kutoka angani, kila mtoto akatafuta paa la kwao, akaliwekea alama na maneno mafupi. Mwalimu furaha ikamzidi, akaituma ramani kwenye kundi la wazazi wajionee. Huko ndiko msusi alikoiona.

Mama alilikuta darasa limetiwa giza kwa mapazia. Mtaa umetandazwa ukutani, na binti yake kasimama mbele, kidole juu ya paa lao.

"Mama! Njoo uone kwetu!"

Alimwita mwalimu mlangoni. "Ifute hiyo."

"Ah, mama, huyu ndiye aliyepatia kuliko wote—"

"Baba yake anatutafuta," alinong'ona. "Asijue tulipo. Nakuomba, ifute."

Tabasamu la mwalimu likanywea. Alirudi kwenye kompyuta, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao umekwama. Alama imebaki palepale, nyekundu kama kidonda. Mtoto mgongoni akaanza kulia, mama akawa anamtikisa bila kutoa jicho ukutani. Mara alama ikatoweka. Mwalimu hakuishia hapo. Alizifuta za watoto wote, huku wanaguna, kisha akaifunga ramani asiweze mtu mwingine kuifungua.

"Na walioiona?" mama aliuliza.

"Hao siwezi kuwafuta." Mwalimu alijifuta jasho kwa mkono wenye chaki, paji likabaki jeupe. "Kwenye lile kundi, yupo ndugu wa mumeo? Rafiki yake?"

Mama aliwapitia kichwani mmoja mmoja: msusi, fundi baiskeli, muuza maziwa, wale wa jengo la nyuma. "Sidhani."

Sidhani ile haikumtosha hata yeye mwenyewe.

"Kesho simleti mtoto, mwalimu."

"Sikulaumu. Mimi nilikuwa naona mapaa tu, mama. Walio chini yake sikuwawaza." Alitazama watoto waliokuwa wakisubiri, akashusha sauti. "Ila kipindi bado. Naomba ukae dawati la nyuma, leo tu. Nitawaonyesha barabara na mito. Ukiona kitu hakifai kuanikwa, usiseme neno wakakushtukia. Wewe kohoa tu."