Kumi na Tisa ya Fundi Mizani

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi mizani, na kwake dunia nzima ni chombo kibovu kinachosubiri bisibisi yake. Watu wanamwita Gramu. Akiingia dukani, wenye maduka huanza kukohoa bila mafua.

Alipopata kisukari nilidhani kiburi kitapungua. Wapi! Asubuhi kipimo kinasema tano, mchana kumi na nne, jioni sita, naye anabenua midomo: "Mizani ikinipa majibu matatu kwa mzigo mmoja, naitupa." Muuguzi akamweleza kwamba mwili si gunia la mchele; chakula, kazi, hasira, hata usingizi mbaya hupandisha sukari na kuishusha. Gramu akamsikiliza kama anavyowasikiliza wenye maduka, kisha akanunua kipimo cha pili. Viwili vilipopishana, akachukua wastani. Ikija namba asiyoipenda, hajidungi insulini mpaka dada ambembeleze kama anayemlisha mtoto mkaidi. Siku akishindwa, bwana mkubwa anakauka koo na tarakimu ndogo hazioni.

Mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimdharau, na nilimwambia usoni: sikio la kufa halisikii dawa. Aliyekonda kwa wasiwasi alikuwa dada yangu, si yeye.

Alhamisi moja nilipita kwenye karakana yake kufuata mizani ya duka langu. Nikamkuta anamenya chungwa, maji yake yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alipolimaliza akajifutafuta kwenye ovaroli, akajitoboa kidole. Kumi na tisa.

"Uongo mtupu," akasema. "Mbona najisikia mzima? Ngoja nipime tena."

"Pima, shemeji. Pima mpaka ipatikane namba ya kukufurahisha. Kila chombo kinadanganya isipokuwa wewe! Mwachie dada yangu ujane, ufe na ubingwa wako."

Akanyoosha mkono kuchukua kipimo cha pili.

"Jidunge," nikamwambia. "Angalau leo amini kitu ambacho hukukitengeneza wewe."

Akajidunga tumboni, dozi ya mtu mwenye kumi na tisa. Mimi nikajipongeza moyoni, nikavuta kigoda nisubiri mizani yangu.

Karibu saa nzima baadaye alikuwa bado anafunga skrubu za mizani yangu, jasho lilipoanza kumtiririka. Bisibisi ikamponyoka. Akaniita mama, mara mbili, kwa sauti ya kitoto. Nikakimbia duka la jirani, nikarudi na soda, nikamnywesha taratibu huku namlilia dada kwenye simu.

Dada alifika viatu mkononi. Akamwosha kidole, akampima: tatu na nusu, sukari imeshuka mno, na hapo soda ilikuwa imeshaingia. Kisha akaunusa mkono wake mwingine.

"Chungwa! Muuguzi si alisema unawe kwanza? Sukari ya tunda ikibaki kidoleni, kipimo kinaihesabu kama ya damu. Tena wewe, usiyeamini kipimo hata siku moja, leo nani kakwambia ujidunge?"

Nikainama kuokota bisibisi.

"Nimejiamulia," akasema Gramu, ulimi bado mzito, bila kunitazama.

Dada akalia, akamtukana. Akamwita mjuaji, mbishi, muuaji wa nafsi yake, maneno yote niliyomfundisha mimi. Gramu akainamisha kichwa, akayapokea. Nami, mwenye mdomo usiolala, nilisimama pale na chupa ya soda mkononi nikamwacha atukanwe.