Waya Mwekundu Kwenye Swichi ya Gia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika yadi ya matrela kule Shimanzi, karibu na bandari, nilipewa trekta la kuvuta matrela lililokataa kuwaka. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, mikono ikiniwasha. Nikachukua spana, nikaingia chini, nikaanza kufungua stata, ile mota inayozungusha injini mpaka ishike.

"We! N'nani alokwambia stata ni mbovu?" Fundi Mkuu aliuliza. Alikuwa mtu wa mtaa wa Ndia Kuu, mfupi, mkali, asiyevua kofia hata jua lichomeje.

"Haizunguki, Fundi."

"Haizunguki. Na umepima nini?"

Sikuwa nimepima kitu. Akanivuta mguu kutoka chini ya trekta, wenzangu wakacheka, kisha akanifundisha kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Umeme, alisema, ufuate kutoka unakoanzia. Tazama betri kwanza. Vichwa vyake vikiota ukungu mweupe, vikwangue. Kisha waya wa ardhi, ule unaoifunga betri na bodi, ambao kwa hewa hii yetu ya chumvi huliwa kabla ya nyaya nyingine. Halafu solenoidi, swichi nene iliyopanda juu ya stata. Ikigonga-gonga, umeme unafika lakini ni dhaifu. Ikinyamaza, umekatika njiani. Hapo shika taa ya kupimia, uguse kiungo kimoja baada ya kingine. Inapokataa kuwaka, ubovu umeshaupita.

Nilimpenda mtu yule kama baba. Alipopandishwa cheo akawa Msimamizi wa Yadi upande wa Feri, kwenye kivuko cha Likoni, aliniomba niende naye, nami nikaenda kwa furaha.

Huko nilimkuta Mutua, dereva kutoka Ukambani, mpangaji jirani yangu mtaa wa Tononoka. Jumapili alikuwa akiimba kwaya, na siku za kazi aliliimbia trekta lake. Lilikuwa kuukuu, na asubuhi moja likanyamaza kabisa. Betri ilikuwa nzima, waya wa ardhi safi. Nikafuata njia niliyofundishwa mpaka kwenye swichi ya gia. Hiyo ni swichi ndogo inayokata umeme wa stata gia ikiwa imeingia, ili trekta lisiwake na kuondoka papo hapo. Upande mmoja taa yangu iliwaka, upande wa pili haikuwaka. Swichi ilikuwa imekufa.

Nikamwambia Msimamizi kwamba tunahitaji mpya.

"Meli iko gatini, nawe wataka nikangoje swichi? Unga waya, umeme upite pembeni ya swichi."

"Bwana Msimamizi, litawaka hata likiwa kwenye gia. Ni wewe ulonifundisha."

"Nilikufundisha kazi, sikukufundisha kunijibu."

Nilikataa. Akainama mwenyewe, akaunganisha waya mwekundu kwa mikono ile ile iliyonifunza. Trekta likawaka mara moja. Nilimfuata Mutua, nikamwonya: "Ndugu yangu, usiliwashe ukiwa chini. Panda kitini, hakikisha gia iko huru."

"Nimesikia, kaka."

Alisikia, na kwa muda mrefu alifuata. Swichi mpya haikuletwa, ingawa niliiulizia mpaka nikaonekana msumbufu. Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Kiti kilikuwa kimelowa, na karani wa meli alikuwa akimpigia kelele aharakishe. Mutua akasimama chini, kando ya gurudumu la nyuma, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo. Gia ilikuwa imeingia; trekta liliruka mbele likampanda. Nilifika mbio, nikang'oa kichwa cha betri lakini injini ilikuwa imeshashika. Ikabidi nivute waya wa kuzimia. Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitalini.

Wakaguzi walipokuja, waya mwekundu haukuwapo tena. Msimamizi alisimama mbele yao na kofia yake kichwani, akasema, "Dereva alizembea." Mimi nikasema nilichokiona. Waliandika maneno yake. Mutua akafukuzwa kazi angali kitandani, nami nikahamishiwa stoo, kugawa grisi na matambara. Sikugusa tena trekta mpaka nilipostaafu. Siku ya kuniaga walinisifu kwa utiifu.

Vijana huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka, na bado naweza kuwaonyesha jinsi ya kufuata waya. Kinachoniuma ni kwamba kila ninachowaonyesha ni cha Fundi Mkuu yule yule, siwezi kukifundisha bila kuisikia sauti yake.

Mwaka huu aliniita nyumbani kwake Ndia Kuu. Amelala kitandani, hajiwezi, macho yamefifia. Mwanawe alinipa kahawa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekukosea."

"Aliyekosewa ni Mutua. Huuza njugu pale Feri, kila siku yuko. Hapa na pale ni karibu, mtume mwanao amwite."

Akageukia ukuta.

Kila nikivuka kwenda Likoni, humuuliza Mutua kama ameitwa. Hutikisa kichwa kwamba la, kisha hunifungia njugu, akakataa nilipe.