Nilichokisema Gulioni Kuhusu Kishindo

Ipo siku moja ya gulio kijijini kwetu Murukulazo, kule Ngara, ambayo nikiikumbuka hadi leo nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu jikoni. Keti hapo, Mwanangu Editha, na hiyo simu iweke kando kwanza. Jana niliwasikia wewe na wenzako hapo nje kwa yule anayechajisha simu, mkibishana kuhusu Kishindo. Hapa Lusahunga pote mlisikika. Madereva wa malori waliokuwa wanakula wali kwangu waliacha vijiko hewani. Wengine mnasema hakuna mpiga roki kama yule nchi hii, wengine mnasema ni makelele na bahati. Kisha wewe, ambaye hapa hakuna anayekufikia kwa gitaa la kwaya, ukasema hana lolote, amebebwa tu. Mkanigeukia: Bibi, wewe ulimjua akiwa mdogo, eti jina lile analistahili? Nikajifanya moto unazimika, nikainama kupuliza.

Moto ulikuwa unawaka vizuri. Nilikwepa swali lenu kama nilivyolikwepa miaka yote, na leo nimekuita ili nilijibu. Ila jibu lake ni refu, na mimi nikikatizwa nakasirika, unanijua.

Jina lake ni Gervas. Kishindo ni la jukwaani. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, Bi Veneranda, mjane mwenye migomba na shamba la maharage. Mimi ndiye niliyemshikisha gitaa. Usinitolee macho. Enzi hizo parokia ilikuwa na gitaa moja la mbao, na aliyelipiga na kufundisha kwaya ni mimi Restuta, msichana wa watu. Nilimzidi Gervas miaka saba. Alikuwa akija jioni miguu ina tope la shambani, ananiamkia, anakaa mkekani, namwonyesha pa kuweka vidole. Mwaka haukuisha akawa anapiga vitu ambavyo sikumfundisha. Nikimuuliza amevitoa wapi, anasema vimekuja tu. Mwanangu, watu hudhani wivu huja mtu akishatajirika. Wangu ulianza pale pale mkekani, mtoto akiwa hana hata viatu. Nikaanza kumwambia gitaa lina kazi, aje kesho. Kesho akija, namwambia keshokutwa.

Akaondoka. Alidandia lori la mahindi kwenda Mwanza, tukakaa miaka bila habari. Kisha madereva wa njia ya Rusumo wakaanza kuja na kaseti zake. Gitaa la umeme lile lilikuwa linalia mpaka spika za gari zinatetemeka. Basi Murukulazo ikagawanyika. Wapo walioapa kwamba hajazaliwa mwingine, na wapo waliosema huo si muziki, ni ajali ya lori. Mimi nilikuwa kiongozi wa upande wa ajali. Sikuwa na sababu ila moja tu: kila kaseti ilipopigwa nilisikia mkono wangu ndani yake, na hapakuwa na aliyejua. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mimi nilikuwa nakitazama changu, kitupu.

Mwaka mmoja akaja kupiga nyumbani, uwanja wa shule. Asubuhi ya siku hiyo nilipita kwa makusudi, najidai naenda kisimani. Nikamkuta nyuma ya jukwaa peke yake, anagongomea nondo ardhini kwa nyundo. Ameifunga waya. Akachimba kidogo pembeni yake, akamwaga chumvi, akamwaga na maji, akafukia. Aliponiona aliweka nyundo chini, akaniamkia kwa heshima, shikamoo dada Resti, kama zamani. Akanieleza bila kuulizwa kwamba ule ni waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini. Jenereta lao likikosa ethi, kipaza sauti kinampiga mtu shoti mdomoni, na udongo mkavu hauchukui umeme vizuri, ndiyo maana anauwekea chumvi na maji. Nilielewa. Nataka ulishike hilo, kwamba nilielewa kabisa.

Mchana akapiga. Sitaki kukuhadithia alivyopiga, bado inaniuma. Walimu walipanda juu ya madawati, na wazee waliokuja kulaani walibaki midomo wazi. Mwishoni akashukuru watu. Akamshukuru mwenyekiti wa kijiji, akamshukuru paroko, dereva aliyempa lifti ya kwanza, hata mwenye jenereta. Mimi nilikuwa nimesuka nywele na nimevaa kitenge kipya, nikasogea mbele ili asihangaike kunitafuta kwa macho. Akasema asanteni, kwaherini. Hakunitaja.

Siku ya tatu yake ndiyo lilikuwa gulio. Watu wamejazana kwa muuza kaseti, wanabishana kama ninyi jana, anastahili, hastahili. Mzee mmoja wa Kisukuma, mhamiaji kutoka Shinyanga, mtu wa utani sana, akasema kwao ngoma mbili zikishindana, inayovuta watu ndiyo imeshinda, na Kishindo amejaza uwanja, kwa hiyo kesi imekwisha. Mwingine akamjibu kwamba katika mashindano hayo hayo watu husemana, fulani kafukia dawa ya kuvuta watu uwanjani. Wakacheka wote. Ndipo mtu akasema, aulizwe Mwalimu Resti, yeye gitaa analijua.

Nikasema: "Mpigaji wa kweli ana haja gani ya kufukia kitu nyuma ya jukwaa na kukimwagia chumvi? Nimeona kwa macho yangu."

Sikusema dawa. Neno hilo sikulitamka, na kwa muda mrefu nilijitetea nalo. Kicheko kilikatika, watu wakatazamana, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha tumboni kama mtu aliyekunywa uji wa moto baada ya kufunga. Nilirudi nyumbani naimba.

Gervas alikuwa ameshaondoka. Aliyebaki ni mama yake. Kwetu Ngara siku zile, mjane akitaka kulimiwa, alipika rubisi, ile pombe ya ndizi, akawaita majirani. Wanalima asubuhi, mchana wanakunywa pamoja. Na mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, kila mtu aone ni salama. Mvua za maharage zilipoanza, Bi Veneranda akapika, akaita. Hakuna aliyekwenda. Walisema ile ni nyumba ya dawa ya kuvuta watu, ukinywa kwao umekuwa mtu wao. Akakaa na mitungi yake mpaka pombe ikachacha, akaimwaga migombani. Kisha akashika jembe mwenyewe. Nilimwona kila siku nikienda kanisani, ameinama katika shamba lote lile, analima kapande kadogo, anapumzika, analima tena. Mvua haimsubiri mtu, na maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chake cha mwaka. Mimi nikaanza kupita njia ya juu ili tusisalimiane.

Wiki ya pili alinifuata nyumbani, amebeba kibuyu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Hakugomba. Laiti angegomba, maana kugomba nakuweza sana. Alifungua kibuyu, akanywa funda moja, akanipa.

"Nimeonja mbele yako," akasema. "Sasa nieleze, Resti. Mwanangu gitaa alilishika kwa nani?"

Nikasema, kwangu, mama.

"Basi kama ana dawa, wewe ndiye uliyempa. Kunywa, kisha nenda ukawaambie watu kilichofukiwa pale ni nini. Mimi umeme siujui. Wewe unaujua."

Nilikunywa kwa haraka, pombe ikanimwagikia kifuani. Alisubiri nimalize, akachukua kibuyu chake, akarudi shambani.

Gulio lililofuata nikasimama pale pale, nikaeleza habari ya nondo, waya, chumvi na jenereta. Nikasema nilijua tangu mwanzo, na nilimchongea kwa wivu. Unadhani walinishangilia? Wengine walisema nimehongwa. Wengine walisema nimekunywa pombe ya nyumba ile, ndiyo imenigeuza. Maji yakimwagika hayazoleki, Mwanangu, na ya gulioni yanamwagika na kutembea. Majirani watano tu walikuja kulima, nami wa sita. Tulipanda tumechelewa, maharage yakatoa maua, jua likayachoma. Mwaka ule Bi Veneranda, mwenye shamba lake, alikula mihogo ya kuomba. Ilipita misimu mitatu kabla watu hawajarudi kunywa kwake bila kutazamana.

Gervas alizipata habari zote. Hakunitukana. Alipokuja kumwona mama yake aliendelea kuniamkia, shikamoo dada, akaenda zake. Ila kupiga muziki Murukulazo hakupiga tena, wala jina langu hajalitaja mahali popote mpaka leo. Nami siwezi kulalamika, ningeanzia wapi?

Sasa lipo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku ile tunapanda, tukiwa mimi na Bi Veneranda upande mmoja wa shamba, aliniuliza kwa sauti ya chini. Akasema, "Na mkono wake, Resti? Wewe unayejua. Ni mzuri kweli, au watu wananisifia kwa sababu mimi ni mama yake?"

Hilo tu ndilo alilotaka. Alikuwa mama asiyejua gitaa, amesikia watu wakibishana juu ya mtoto wake miaka yote, wengine wanampandisha, wengine wanamshusha, naye alitaka neno la mtu mmoja anayejua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Neno lilinifika hapa kooni. Nikaona tena uwanja wa shule, na mimi na kitenge changu kipya. Nikakohoa, nikasema, "Anajitahidi."

Akasema haya, akaendelea kufukia mbegu. Hakuniuliza tena. Tuliishi ujirani miaka mingi baada ya hapo, tukalimiana, tukauguzana, na kila mara nilisema nitamwambia kesho. Amefariki, Mwanangu. Jibu alilokwenda nalo ni lile.

Kwa hiyo nikusihi, na uwafikishie wenzako. Wivu sikukatazi, maana hata ukikatazwa utaupata, na mimi wangu bado ninao, jana nilipolisikia gitaa lake kwenye simu zenu ulinichoma mbavu kama zamani. Ninachokukataza ni kuutuma wivu ukatoe ushahidi. Ukiulizwa juu ya mtu na moyo unawaka, funga mdomo kwanza mpaka upoe. Ukilijua jambo, liseme zima. Mimi niliikata kweli nusu, na ile nusu ikamlaza njaa mjane asiyenikosea kitu. Na usingoje mtu akushukuru ndipo umpe sifa yake. Wapo utakaowafundisha wakupite, wasikutaje hata kwa bahati mbaya. Wafundishe hivyo hivyo. Jana uliposema amebebwa, nilisikia sauti yangu mwenyewe, na ndiyo maana hukuniona nikicheka.

Swali lenu nalijibu. Analistahili. Gervas wa Veneranda analistahili jina lile, na hapajawahi kupita mikononi mwangu, wala masikioni mwangu, mkono kama ule. Nilijua tangu mkekani. Nenda hapo nje ukawaambie Restuta ndiye aliyesema.

Wewe nakuombea hivi, Mwanangu. Mungu aibariki mikono yako. Akupe mwanafunzi atakayekupita, na siku hiyo akupe na mdomo wa kulisema hilo mama yake akiwa hai.