Kitenge cha Pamba Tupu

Nafundisha sayansi darasa la sita, shule iliyo karibu na Msimbazi, na hakuna mada inayonipa raha kama hii ya maada. Siwajazii wanafunzi ubao. Nawaambia walete vitu kutoka nyumbani, tuvikwaruze, tuviloweke, tuvichome.

Safari hii niliwafundisha ujanja wa wanunuzi wa Kariakoo. Mteja mjanja huchomoa uzi kwenye kitenge akauwasha kwa kiberiti. Pamba huacha jivu laini, lakini uzi wa plastiki huyeyuka, ukaganda kidonge cheusi.

Binti mmoja, ambaye mama yake anauza vitenge sokoni, alileta kipande. Alisimama akakinadi kama mama yake anavyonadi dukani: pamba tupu, hakichuji, hakirudi. Darasa likacheka, naye akacheka. Mimi nilipokigusa tu nilijua, kwa jinsi kilivyoteleza. Ningeweza kukiweka pembeni nikachukua cha mwingine. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, na mfano mzuri kama ule sikutaka unipite.

Nikauwasha uzi. Ukajikunja, ukadondosha tone jeusi. Nikawauliza hiki ni nini, wakaitikia kwa pamoja kwamba ni plastiki. Wengi wao mama zao hununua vitenge kwa mama yake. Binti akakaa, akakikunja kile kipande mpaka kikaenea kiganjani. Nami nikaendelea na somo, tena kwa furaha. Hiyo furaha ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Juzi mama yake alikuja shuleni. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili. Hakunitukana. Alinieleza kwamba naye huuziwa kwa jumla akiambiwa ni pamba, na amekuwa akiamini, kwa sababu anayemuuzia ni mtu aliyezoeana naye. Wateja atawaambia ukweli, anayetaka atanunua. Kilichomleta ni mtoto. Kila Jumamosi alikuwa akikaa naye dukani kuita wateja, sasa hataki hata kupita mtaa ule.

Nikamwomba msamaha.

"Usiniombe msamaha, mwalimu, umemfundisha vizuri," alisema. "Siku hizi hata nikimwambia wali umeiva, anafunua kwanza sufuria."