Gundi na Alama Iliyofutwa

Wifi yangu ni bingwa wa tenisi, na simpendi. Naliweka wazi mapema ili anayetaka kusikia sifa zake akatafute msimuliaji mwingine. Ni dada wa mume wangu, karani wa ghala la vipuri, na kombe la wanawake la mji wetu amelikalia tangu binti yangu hajaota meno. Uwanjani wanamwita Gundi.

Wageni wakimwona mara ya kwanza hucheka. Huanzisha mpira kama mtu anayemrushia jirani kitunguu juu ya ukuta. Hana kombora, hana mbio, na viatu vyake ni aibu ya ukoo. Ila kila unachompigia kinarudi. Kinarudi juu, polepole, hadi nyuma karibu na mstari, mpaka unapandwa na hasira na kuupiga mpira wavuni mwenyewe. Ukijifanya mjanja ukasubiri huko nyuma, anaukata kwa chini, unadondoka hapo mbele na wewe uko mbali. Nimeona wanawake wenye misuli ya mafundi chuma wakitoka pale wanalia. Yeye hujifuta jasho na kuuliza kama kuna chai.

Mume wangu anasema nina kijicho. Sawa, ninacho.

Gundi ndiye aliyemfundisha binti yangu, jioni baada ya kazi, kwenye uwanja ule wa udongo mwekundu. Kila mpira ulipoacha alama karibu na mstari, alimwambia aifute kwa kiatu. "Alama za zamani zitakuchanganya macho, mwanangu. Futa." Mtoto akafuta, miaka yote hiyo.

Mwaka huu wakakutana fainali. Mshindi angechukuliwa kambi ya timu ya taifa, mmoja tu, na Gundi alikwisha kwenda huko mara chungu nzima. Nikameza kiburi changu nikamwendea.

"Wifi, wewe umekwenda mpaka umechoka. Mwachie mtoto."

"Akinishinda atakwenda, wifi."

Na binti yangu alicheza siku hiyo! Hakukasirika, hakuharakisha, alimkimbiza shangazi yake kona hadi kona. Ikabaki pointi moja amalize. Gundi akapiga mpira mrefu, ukaanguka nje ya mstari. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimeuona kwa macho yangu. Kwetu wachezaji hujiamulia mistari wenyewe, na wakibishana huangalia alama kwenye udongo. Binti akapaza sauti, "Nje!" Halafu, kwa mazoea, mguu wake ukapita juu ya alama.

Watu walikwisha simama kushangilia. Gundi akaja wavuni taratibu.

"Umefuta alama," akasema. "Anayefuta amekubali mpira ulikuwa ndani."

Mwamuzi akaitwa kutoka kivulini. Akakuna kichwa, akasema ndiyo sheria, pointi ni ya Gundi. Baada ya hapo mkono wa binti yangu ukawa mzito, na shangazi yake akammaliza bila haraka.

Nilimvaa getini.

"Mpira ulitoka, na uliuona!"

"Niliuona, wifi. Ulitoka kidole kizima."

"Na wewe ndiye uliyemfundisha kufuta!"

"Kwenye mazoezi," akasema, akanipita.

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka, na sijutii hata neno moja. Nilipofika nyumbani nilimkuta binti akikung'uta udongo kwenye viatu. Nilitegemea machozi, nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza.

"Kwa yule mwanamke huendi tena," nikamwambia.

"Kesho nakwenda, mama."

"Amekuibia mchana kweupe!"

"Alama niliifuta mimi."

"Hana huruma hata na damu yake! Sasa unafuata nini kwake?"

Akaviweka viatu chini, akaniangalia.

"Mwaka ujao nataka nimfanyie mimi," akasema.

Alisema huku akitabasamu, na nikamwogopa mtoto niliyemzaa.