Mtoto Mwenye Shanga za Simbi

Nikisikia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji mbele ya maduka ya Garissa, namkumbuka mtafiti aliyekuja kuchimba karibu na boma letu huko Sangailu, mwaka wa ukame. Alitafuta habari za watu wa kale waliofanya biashara na pwani na visiwani. Alikuwa akizinyunyizia maji kuta za shimo ili rangi za udongo zionekane. Hooyo, mama yangu, aliyatazama maji yale yakinywewa na ardhi.

Siku moja yule mtafiti akafukua mifupa ya mtoto aliyekuwa na shanga za simbi shingoni. Akatuita kwa furaha. Mimi nilijua Kiswahili cha shule, basi nikawa mkalimani.

"Mwambie mama, zamani hapa palikuwa na maji na malisho tele. Simbi hizi zilitoka baharini."

Hooyo hakujali habari za bahari. "Muulize, mama yake mtoto huyu anajua kwamba wanamchukua?"

Nikatafsiri. Mtafiti akainamisha kichwa, akasema mama huyo alikufa zamani mno. Jioni mifupa ikatiwa sandukuni, ikapakiwa garini.

Mwezi ule tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Kabla hatujahama kufuata maji, Hooyo aliyaondoa mawe yote juu ya kaburi lake, akayatupa mbali, akasawazisha mchanga kwa viganja.

"Asije akafukuliwa naye," alisema.

Mvua iliponyesha tulirudi. Tulizunguka pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, Hooyo akiwa mbele, na kaburi hatukuliona.